Ahabu Alilia, Lakini Shamba Halikurudi



Jumapili iliyopita tulisoma 1 Wafalme 21, na muda ukatuishia kabla hatujafika mwisho wa sura. Baada ya ibada watu watatu walinifuata na swali lile lile, mmoja akiwa tayari amepanda bodaboda. Swali lenyewe ni hili: kama Ahabu alitubu, na Mungu mwenyewe akasema ameona alivyojinyenyekeza, mbona habari za nyumba yake zinaishia vibaya? Niliahidi kujibu kwa maandishi. Chukua Biblia yako uiweke karibu, manake nitataja mistari bila kuinakili.

Kwanza tukumbushane kisa. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu pale Yezreeli, likipakana na nyumba ya mfalme. Ahabu alilitaka apande mboga. Na tuseme ukweli, ombi lake halikuwa baya. Alisema atampa lingine lililo bora, ama amlipe pesa. Nabothi akakataa, na hakukataa kwa kiburi. Shamba lilikuwa la baba zake, na sheria ya Musa (Walawi 25:23, Hesabu 36:7) haikuruhusu urithi wa ukoo utoke utokomee hivi hivi. Mtu wa Marafa anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kuna ardhi ya kuuza, na kuna ardhi ambayo babu amezikwa ndani yake.

Ahabu akaenda kulala, akageukia ukuta, akakataa chakula. Mfalme mzima! Yezebeli mkewe akaandika barua kwa jina la mumewe, akazipiga muhuri. Sasa soma mstari wa 9 polepole. Kitu cha kwanza alichoagiza Yezebeli ni mfungo. Watu wafunge, Nabothi aketishwe mbele, halafu wasimame waongo wawili waseme wamemsikia akimtukana Mungu na mfalme. Mbona wawili? Kwa sababu sheria ilitaka mashahidi wasiopungua wawili. Na mbona mfungo? Ili kila mtu aamini kwamba kuna dhambi imeingia mjini, na lazima atafutwe aliyeileta.

Mji ukafunga. Mashahidi wakasema. Nabothi akapigwa mawe, na ukisoma 2 Wafalme 9:26 utaona kwamba hata wanawe waliuawa, kwa hiyo hakubaki mrithi wa kudai. Ahabu akashuka kwenda kulichukua shamba.

Wapendwa, nimefundisha sura hii mara nyingi, na kila mara najiuliza kama kweli tunasoma habari za Yezreeli ama za Kilifi.

Sote tunajua yanayowapata wazee wa kaunti yetu, Magarini, Ganze, Kaloleni na kwingineko. Mtoto anaugua. Mbuzi wanakufa. Kijana amerudi kutoka Mombasa bila kazi, ama msichana amerudi kutoka Saudia bila mshahara. Familia inaenda kwa mganga, na siku hizi inaenda pia kwa mtu anayejiita nabii. Huyo hataji jina. Anasema tu: ni mtu wa karibu, ni mzee, ni upande wa baba. Wakitoka pale hakuna aliyetajwa, lakini kila mmoja ana jina kichwani. Jioni jina limefika mangweni. Jumapili limefika kanisani, limevaa nguo za ombi la maombi. Baada ya miezi michache kuna kibanda kimechomwa moto, ama mzee amekatwa mapanga usiku kitandani mwake. Na mara nyingi mno, ukichunguza, kuna shamba pale. Mzee ndiye aliyekuwa akikataa liuzwe.

Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisionekane. Hebu fikiria jambo hilo. Mithali 16:31 inaziita mvi taji. Walawi 19:32 inatuagiza tusimame mtu mwenye mvi anapoingia, na inaunganisha heshima hiyo na kumcha Mungu katika mstari mmoja. Sasa kwetu mtu ananunua rangi dukani aifiche taji asije akauawa. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao. Wamekimbia nani? Si majambazi kutoka mbali. Wamewakimbia watoto wao, na watoto wa ndugu zao.

Najua mtu atasema, mwalimu, hayo ni ya watu wa dunia, sisi tumeokoka. Ningependa iwe hivyo. Lakini niulize kwa upole: lile neno lililotoka kwa nabii likafika mtaani, lilibebwa na nani? Na kwenye kesha zetu, tunapokemea kwa sauti kwamba kila adui wa nyumba ya baba yangu aanguke afe, yule kijana aliyeketi nyuma anamfikiria nani? Haoni shetani. Anamwona baba yake mkubwa. Paulo amesema wazi katika Waefeso 6:12 kwamba vita vyetu si na watu wenye damu na nyama. Sisi tunausoma mstari huo, tunasema amina, halafu tunaomba kinyume chake.

Sisemi giza halina nguvu. Ninaamini kuna pepo, na nimeona watu wakifunguliwa kwa jina la Yesu. Ninachosema ni kwamba Yesu hakutoa pepo hata mara moja kisha akamgeukia mgonjwa na kumwambia, aliyekutumia ni shangazi yako. Tafuta katika Injili zote nne. Hakuna. Na ndugu anayenirushia Kutoka 22:18, juu ya mchawi kutoachwa hai, aendelee mpaka Kumbukumbu la Torati 19:15-19. Hukumu ile iliwekwa mikononi mwa mahakama yenye mashahidi na uchunguzi, na shahidi akionekana ni mwongo alitendewa yale yale aliyotaka mwenzake atendewe. Tungeitumia hiyo sheria yote, wengi wangenyamaza. Hata serikali ililiona jambo hili zamani. Sheria ya Uchawi iliyotungwa hapa Kenya mwaka 1925 haikumtia hatiani anayejidai mchawi peke yake. Ilimtia hatiani pia anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa amepeleka madai yake kwa polisi, chifu ama ofisa wa serikali.

Utalii wetu hapa ni Nyari. Wageni wanakuja jioni kupiga picha jua likitua kwenye yale makorongo mekundu na meupe. Wazee wanasimulia kwamba palikuwa na boma la matajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe wao, Mungu akakasirika, pakadidimia. Tunaipenda hadithi hiyo kwa sababu dhambi yake si yetu. Nani Marafa ana maziwa ya kuoga? Mwalimu wa jiografia naye atakwambia ni maji ya mvua yanayokula udongo laini mwaka hadi mwaka. Ukienda baada ya masika utaona ukingo umesogea tena. Mimi nadhani mwalimu wa jiografia ametupa mahubiri bila kujua. Mzee hauawi siku ile ya panga. Anaanza kuuawa siku mtu anapokataa chai yake. Halafu watoto wanaambiwa wasipite kwake. Halafu salamu inakatwa. Aliyeshika panga ni mmoja, lakini mji mzima ulikuwa umeshamla kidogo kidogo.

Turudi kwa Ahabu sasa, kwa swali lenu.

Eliya alimkuta pale pale shambani, akamweleza kwamba ameua na amerithi, na kwamba hukumu inakuja. Mstari wa 27 unasema Ahabu alirarua nguo, akavaa gunia, akafunga, akalala katika gunia, akatembea taratibu. Sidhani alikuwa anaigiza, kwa sababu Mungu anayeona moyo alimwonyesha Eliya jambo lile kana kwamba anasema, umeona? Na Mungu akaahirisha hukumu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba machozi ni bure. Mungu wetu ni mwepesi wa huruma kuliko wachungaji wengi.

Lakini tafuta katika sura hiyo mahali ambapo Ahabu alilirudisha shamba. Tafuta mahali alipowaita wale wazee wa Yezreeli na kusema, Nabothi hakumtukana Mungu, jina lake lisafishwe. Hakuna. Alivaa gunia akiwa bado na hatimiliki ya mtu mfukoni.

Sura ya 22, miaka mitatu baadaye, yumo tena katika njia zake, amezungukwa na manabii wapatao 400 wanaomwambia anachotaka, na Mikaya anayesema kweli anamfunga jela. Anakufa vitani. Halafu nenda 2 Wafalme 9:21. Ahazia mwanawe ameshatawala akafa, Yoramu mwanawe mwingine ametawala, imepita zaidi ya miaka kumi. Yoramu anatoka kwenda kukutana na Yehu, na wanakutana wapi? Katika kiwanja cha Nabothi. Bado kinaitwa cha Nabothi! Watu walijua. Miaka yote hiyo wanapita wanasema, hili ni la Nabothi, na watoto wa Ahabu wanakula mboga zake. Mwili wa Yoramu ukatupwa hapo.

Hilo ndilo jibu langu kwa wale watatu. Ahabu alisikitika mbele za Mungu, na Mungu akamheshimu kwa kiasi hicho. Lakini hakuiacha dhambi yake. Aliiomboleza, kisha akaendelea kuishi ndani yake, kwa sababu dhambi yake ilikuwa shamba, na shamba alibaki nalo.

Weka kando yake Zakayo, Luka 19. Hatuambiwi alilia. Hatuambiwi alifunga hata mlo mmoja. Kinyume chake, alimkaribisha Yesu kwa furaha. Lakini alisimama, akasema nusu ya mali ni ya maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Torati katika Hesabu 5:7 ilimtaka mtu wa namna yake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu. Yeye alijihukumu kwa kipimo cha mwizi wa kondoo, kile cha Kutoka 22:1. Na hapo ndipo Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika nyumba ile. Si kwamba Zakayo aliununua. Yesu alikuwa ameshajialika kabla hajatoa hata shilingi. Neema ilitangulia, ikaingia mlangoni, na ilipoingia ndani mali za watu zikaanza kutoka.

Na Yohana Mbatizaji vilevile (Luka 3:10-14). Watu walimwuliza wafanye nini, na hakumwambia hata mmoja aende nyikani akakae naye. Mwenye kanzu mbili agawe. Mtoza ushuru asizidishe. Askari asimsingizie mtu uongo. Kila mmoja alirudishwa kwa watu wale wale aliokuwa akiwaumiza.

Hapa niseme neno juu ya Shakahola, maana hatuwezi kuishi Magarini na kufundisha juu ya mfungo kana kwamba halikutokea kitu. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule. Kesi ziko mahakamani na si kazi yangu kuhukumu. Lakini njia waliyopitishwa wale watu tunaijua. Waliambiwa waache shule, waache hospitali, waache kazi, waache ndugu, kwa sababu dunia ni chafu na Bwana yu karibu. Kila hatua ya "utakatifu" iliwatenga na mtu mmoja zaidi, mpaka wakabaki msituni na njaa. Tangu wakati ule, mtu akiniambia amepata ufunuo mpya wa kuacha dhambi, swali langu la kwanza ni: umekusogeza kwa nani? Kama umemsogeza kwa mama yake aliyemnunia, sawa. Kama umemfungia ndani na kumwambia majirani wote ni mapepo, naogopa. Isaya 58 imesema mfungo anaoutaka Mungu ni upi, na sehemu kubwa yake ni kufungua watu, kulisha, na kuacha kunyosha kidole. Ndiyo, kidole kimo, mstari wa 9.

Niwape kisa kimoja cha karibu. Sitataja kijiji. Kijana alifiwa na mtoto wa miaka minne. Alisema waziwazi, nyumbani na mangweni, kwamba baba yake mkubwa ndiye amemla mtoto. Mwaka uliofuata mtoto wa pili akaanza kuugua vile vile, viungo vinauma, damu imepungua, na safari hii mke akampeleka hospitali Malindi. Damu ikapimwa. Ni selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto anarithi kwa baba na mama wote wawili. Kijana akaja madhabahuni akalia hadi akashindwa kusimama. Tukaomba naye.

Alipoinuka nilimwuliza jambo moja. Uliyasema mbele ya nani?

Akanyamaza. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Ndugu zake. Wazee wawili wa kijiji. Watu wa mangweni. Nikamwambia, basi bado una safari. Ilimchukua wiki tatu kuanza, na simlaumu, ni safari nzito. Aliitisha kikao cha familia, akasema mbele ya wale wale: niliyosema juu ya baba mkubwa ni uongo, mtoto aliuawa na ugonjwa, na ugonjwa ulitoka kwetu sisi wazazi bila sisi kujua. Halafu akaenda mangweni, akiwa ameokoka na watu wakimcheka, akasema tena pale.

Mzee alimsamehe. Hakusema mengi. Lakini mpaka ninavyoandika haya hajarudi kulala nyumbani kwake. Analala kwa binti yake upande wa Gongoni, anakuja mchana kulima, jua likishuka anaondoka. Msamaha ametoa, usingizi haujarudi. Na kijana, kila wiki, humsindikiza mpaka barabarani apate gari. Hamsindikizi kwa sababu wokovu wake haujakamilika. Damu ya Yesu imemsafisha, hilo halina mjadala. Humsindikiza kwa sababu ni yeye aliyemwondolea mzee usiku wake.

Basi tuangaliane wenyewe, bila kutafuta wa kusema. Huenda wewe hukumwita mtu mchawi. Huenda yako ni mpaka wa shamba uliosogezwa wakati jirani yuko Mombasa. Ni pesa za chama ambazo wewe ndiye mweka hazina. Ni mtoto uliyezaa ukiwa duniani, na baada ya kuokoka ukasema ya kale yamepita, kana kwamba mtoto naye amepita. Anasoma darasa la tano, ana jina, anahitaji viatu. Ni ujumbe wa simu uliousambaza ukijua hujauhakikisha. Usiniambie umeshaombewa. Naamini umeombewa. Nauliza shamba liko kwa nani.

Na kama kurudisha kitu ni hatari, usiende peke yako. Kuna mambo ya ardhi na damu yanayohitaji chifu, yanayohitaji polisi, yanayohitaji wazee wa pande zote mbili kuketi. Toba haikuondolei akili. Ukijua kuna njama juu ya mzee yeyote, hilo si ombi la maombi la kuja kunong'ona Jumatano. Nenda ukaripoti siku ile ile, kisha tutaomba. Na mhudumu yeyote, awe wa nje ama wa kwetu, akisimama katika ibada zetu na kuonyesha mtu ama ukoo wa mtu kuwa chanzo cha ugonjwa, wazee wa kanisa watamketisha chini. Tumekubaliana hivyo na mchungaji.

Vikundi vya nyumbani Jumatano hii vitasoma 1 Wafalme 21 yote, kisha 2 Wafalme 9:21-26, kisha Luka 19:1-10. Someni kwa sauti, na wazee waliomo kikundini wapewe nafasi ya kwanza kusema. Mazungumzo yaanzie kwa wale wazee wa Yezreeli waliopokea barua ya Yezebeli: walijua nini, waliogopa nini, na wangeweza kufanya nini. Msiharakishe kumfikia Ahabu.

Jumamosi kuna wazee wanne wanaohitaji watu wa kulima na wao na kushinda nao mchana. Wawili kati yao hawajapata mgeni tangu Pasaka. Anayeweza aje kanisani saa moja asubuhi na jembe lake. Chai itanywewa kwao, nyumbani kwao, katika vikombe vyao.